Shika Hapa Kidogo

Jumatatu, 3 Juni
Ijumaa ni mtihani wa kuingia ubingwa bobezi, masomo ya juu ya upasuaji wa ini. Profesa wa huko atasimama pembeni, mimi nifanye operesheni ya henia mwanzo mpaka mwisho. Mwenyewe! Miaka yote ya kusomea upasuaji nimeshika chuma cha kupanulia jeraha huku Bosi, daktari bingwa wetu, akipasua. Nakishika vizuri, sikatai. Lakini Sindano, mwenzangu wa darasani, ameshafanya henia mpaka amezichoka. Mbinu inahitajika. Haraka.

Jumanne, 4 Juni
Nimejifunza kushona kwa kutumia mto wa sebuleni. Mishono safi kabisa! Nikainuka, mto nao ukainuka. Nilikuwa nimeushona pamoja na mkono wa shati. Mke wangu akauliza kama na mgonjwa nitaondoka naye hivyo hivyo.

Jumatano, 5 Juni
Nimembembeleza Bosi, nimemsifia hadi viatu. Akakubali: henia ya leo yangu. Nikakata ngozi. Mstari umenyooka! Hapo hapo akachukua kisu, akanipa chuma, akaniambia nishike hapa kidogo. Hiyo kidogo imeisha mgonjwa akipelekwa wodini. Kisha akanipongeza kwa kazi nzuri niliyofanya.

Alhamisi, 6 Juni
Sili, silali. Nikimuua mtu je? Sindano amejitolea kunielekeza hatua moja moja. Nimekataa. Anataka kunichunguza tu! Nimegundua shida si mikono, ni mwonekano. Nimeshinda mbele ya kioo nikinyoosha kiganja na kudai kisu kwa sauti nzito.

Ijumaa, 7 Juni
Balaa! Nimeingia kifua mbele. Nikanyoosha kiganja, nikadai kisu, sista akanipa. Nami, Mungu wangu, nikamkabidhi Profesa, nikazunguka meza, nikashika chuma. Profesa akakitazama kisu, akanitazama mimi, akapasua mwenyewe. Nilitamani ardhi inimeze. Aliyefuata ni Sindano. Kamaliza peke yake, tena akiimba chini chini.

Jumatatu, 10 Juni
Nimechukuliwa! Sindano pia, basi tu. Profesa anasema operesheni za ini ni ndefu na hajaona mtu anayeshika kwa utulivu kama mimi. Kupasua nitaanza upya, Sindano ndiye atakayenifundisha. Hayo madogo. Kumbe mbinu ya kioo imefanya kazi! Nimemwambia mke wangu tununue kikubwa zaidi.