Mkojo wa Bluu wa Mzee Mansuri

Hakuna binadamu aliyewahi kumdanganya Mzee Mansuri! Maneno hayo si yangu, ni yake mwenyewe. Alikuwa akiyatangaza kila asubuhi mlangoni pa ghala lake la mpunga, Kyela mjini, kabla hata hajaitikia salamu.

Mimi nilikuwa mshika mizani wake, kwa hiyo niliyasikia mpaka masikio yakaota sugu.

Tangu serikali iruhusu watu binafsi kununua mpunga, wanunuzi walijaa Kyela kama inzi kwenye ndizi mbivu. Lakini Mansuri alikuwa na bambo, ule mrija wa chuma wenye ncha wa kuchomea magunia. Mkulima wa Ngonga akishusha mzigo, mdomoni mwa gunia mpunga umeng'aa kama wa harusi, Mansuri anacheka. Chwa! Anachoma tumboni, chini kabisa. Yanatoka mapepe na changarawe.

"Mimi sinunui mdomo wa gunia!" anafoka. "Babu zangu walikuwa wafanyabiashara Kilwa, wewe unaniuzia kokoto?"

Basi huyo mjanja wa Kilwa alikuwa na kisukari.

Dawa alipewa kwenye zahanati mpya ya mtu binafsi karibu na stendi. Vidonge kila siku, na kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi apeleke mkojo. Muuguzi wa hapo, Sista Felista, binti wa wakulima wa Ipyana, alikuwa akitia matone machache kwenye dawa ya bluu, kisha anachemsha. Ikibaki bluu, uko salama. Ikigeuka nyekundu, sukari imekuzidi. Wa Mansuri ulikuwa umetoa rangi ya tofali miezi mitatu mfululizo. Ungetosha kujengea choo!

"Mzee, vidonge unameza kweli?"

"Kama sala tano!"

Mwongo mkubwa! Chai yake vijiko vitano vya sukari, maandazi manne, na vidonge vimelala kwenye droo chini ya risiti.

"Sawa," akasema Sista. "Mwezi ujao ukiwa mwekundu tena, nakuhamishia kwenye sindano. Kila siku ya Mungu."

Jamani! Mtu huyu alikuwa anafumba macho hata akiona ng'ombe wa jirani anachanjwa. Alirudi ghalani amenywea, akakaa juu ya magunia bila kumtukana mtu. Nikajua hali ni mbaya.

Siku mbili baadaye akaja anatabasamu.

"Kijana, Sista anapima siku moja tu kwa mwezi. Hiyo siku moja ndiyo mdomo wa gunia. Nitaupamba! Huko chini nani atachungulia?"

"Lakini bosi, huko chini si ni wewe mwenyewe?"

"Wewe shika mizani!"

Akaendelea na maandazi yake wiki zote zilizobaki. Ilipobaki siku moja, tangu Jumapili mchana hakugusa hata punje. Jumatatu alfajiri akafungua droo, akameza vidonge vinane kwa mpigo, "kufidia vya nyuma."

Saa nne tuko zahanati. Benchi limejaa wakulima wenye malaria, nusu yao ndio wanaotuuzia mpunga. Sista akachemsha. Bluu! Bluu ya shati la shule!

"Mmeona?" Mansuri akawageukia wakulima. "Mansuri hapimiki!"

Hapo hapo jasho likaanza kumtiririka. Mikono ikatetemeka. Akamkazia macho mama mmoja mnene, akamwambia, "Wewe, shuka kwenye mizani, una unyevu!" Kisha akaanguka chali.

"Amekula nini?" Sista akapiga kelele.

Niliogopa, nikatapika siri yote. "Hajala tangu jana! Amemeza vidonge vinane!"

"Vinane! Anataka kujiua?"

Akachomoa bomba la sindano nene kuliko yote niliyowahi kuona, likiwa na maji ya sukari, akaliingiza kwenye mshipa wa mkono. Nilidhani nimempoteza bosi, na mshahara pia. Haikupita muda macho yakafunguka.

"Majibu?" akanong'ona.

"Bluu," Sista akamjibu. "Ungekufa na mkojo mzuri kuliko wote Kyela."

"Basi nimefaulu! Sindano hakuna!"

"Sindano umeshachomwa, angalia mkono wako."

Akaangalia. Nusura azimie upya.

"Na mkojo wako siutaki tena," Sista akasema. "Kuanzia leo napima damu, kila Jumatatu, na vidonge utakuja kumeza hapa, mbele yangu. Lete kidole."

"Mwanangu, taratibu, hapa pembeni tu..."

"Pa kuchoma nachagua mimi."

Mzee alipiga ukelele, hata makondakta wa stendi wakaacha kuita abiria. Na pale benchini wale wakulima, homa na yote, wakasimama kwa pamoja kumshukuru muuguzi kwa Kinyakyusa:

"Ndaga fijo, Sista!"