Kila Mkimbizi na Avenyu Yake

Ofisi yetu ya Usajili wa Waliohamishwa na Vita, tawi la Mweso, ina furaha kutangaza kwamba tangu Jumanne hakuna mkimbizi kambini asiye na anwani kamili. Mafanikio haya yalipatikana bila mpango wowote, jambo linaloonyesha ukomavu wa ofisi.

Asubuhi hiyo watu walikuwa katika mstari wa unga. Fundi wetu, Blandine, aliingiza jina, mashini ya usajili ikaangalia safu ya Kijiji, ikakubali, mtu akapimiwa unga. Ndipo Mkurugenzi, Papa Edmond, akafika kutoka Goma na agizo: safu ya Kijiji ifutwe, mahali pake iwekwe Anwani, yaani avenyu na namba, na mtu yeyote asiachwe bila hiyo.

«Papa, batu bako mu mustari,» Blandine akasema kwa sauti ndogo. «Tuongeze safu mupya pembeni, tuiache tupu kwanza, tuijaze polepole. Siku safu itajaa kwa bote, njo siku hiyo tutafuta ya zamani.»

«Safu mbili ni kusitasita. Serikali haisitisiti.»

«Na kama mashini inakataa?»

«Ikatae kwa nidhamu.»

Blandine akabonyeza. Mashini ikakataa watu wote, bila kujali kabila, jinsia wala umri. Tuliipokea kama hatua ya kwanza ya usawa.

Mbele ya meza alisimama Mama Nyiraneza, aliyekimbia kijiji cha Mpeti na wajukuu watatu. Watoto hawakuwa wamekula tangu jana.

«Avenyu?» akauliza Papa Edmond.

«Papa, mimi niko nalala mu shitingi ya plastiki.»

«Shitingi iko avenyu gani?»

Mama akawatazama wajukuu, kisha akatazama njia ya matope inayopita mbele ya hema lake.

«Andika Avenyu Mpeti, namba moja.»

«Mpeti iko wapi hapa?»

«Muliifuta sasa hivi. Mimi nimeirudisha.»

Mashini ikakubali. Akapimiwa. Nyuma yake wengine wakataja vijiji vyao: Avenyu Kalembe, Avenyu Pinga, Avenyu Kashuga. Mzee mmoja aliomba avenyu yake iitwe kwa jina la kilima alichokuwa akilima. Akalitamka taratibu, Blandine akaliandika herufi kwa herufi. Kufikia alasiri, vijiji vyote tulivyovifuta vilikuwa vimerudi ndani ya mashini, sasa vikiwa na namba za nyumba, maendeleo ambayo viliyakosa siku vilipokuwa na nyumba.

Papa Edmond akataka gari la kurudi Goma. Gari huombwa kwa mashini ileile. Ikamdai avenyu ya kambini.

«Blandine, nipe avenyu.»

«Avenyu iko kwa bamama, Papa.»

Papa Edmond akamkuta Mama Nyiraneza mbele ya hema lake, hatua chache kutoka meza ya Blandine, akisonga bugali.

«Mama, niandikishe.»

«Ulikimbia wapi, Papa?»

«Sikukimbia. Niko Mkurugenzi.»

«Haina shida, utazoea. Avenyu Mpeti, namba ya mwisho.»

Blandine akaandika. Mashini ikakubali, ikajibu kwamba mtu mpya aliyeandikwa leo ataanza kupata huduma mwezi ujao, gari na unga vikiwamo. Kanuni hiyo Papa Edmond aliitia sahihi mwenyewe, na tunathibitisha kwamba inafanya kazi.

Alibaki amesimama kando ya sufuria, koti mkononi. Mama Nyiraneza akamsogezea kigoda.

«Kaa, Papa. Batoto bakishakula, tutaangalia kama kumebaki.»