Barua ya Utambulisho ya Mlinzi wa Lango la Saba

Umma unatangaziwa kwamba mji wa Same umeingia rasmi katika orodha ya miji inayoratibu hata watu wasiokuwepo. Kamati ya Muda ya Kuratibu Mavazi ya Wahusika wa Magemu imemaliza kazi yake kwa mafanikio ya asilimia mia moja na nne. Zile nne za ziada zilitokana na bidii. Mimi nilikuwa katibu wa Kamati hiyo. Yanayofuata nimeyatoa katika kumbukumbu nilizoandika kwa mkono wangu, pamoja na machache niliyoona aibu kuyaandika wakati ule.

Kamati iliundwa baada ya ofisi yetu ya mji kupokea barua ya Irine, binti wa kijiji cha Mhezi aliyesomea kompyuta na ambaye sasa anafundisha kutengeneza magemu katika chuo kimoja kidogo Arusha. Irine aliomba ruhusa ya kutumia ukumbi wa harusi wa mzee Asheri, Jumamosi moja tu, ili vijana wanaopenda magemu wakutane, wacheze, na wavae kama wahusika wa magemu wanayoyapenda. Atakayewashinda wenzake kwa vazi angepata nafasi moja ya mafunzo ya mwaka mzima chuoni kwake, bila ada, pamoja na kitanda cha kulalia. Ofisi nyingine ingejibu "sawa". Ofisi yetu iliunda Kamati.

Mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Rodrick, mtu mwenye uzoefu. Mwaka juzi aliongoza Kamati ya Kuchunguza Upepo, ambayo baada ya miezi saba ilithibitisha kwamba Same kuna upepo.

"Nieleweshwe," alisema kwenye kikao cha kwanza. "Kijana anatoka nyumbani akiwa yeye. Anafika ukumbini akiwa mtu mwingine. Huyo mtu mwingine tunamfahamu?"

Wajumbe wakatikisa vichwa.

"Ametoka wapi? Amefikia kwa nani? Akileta fujo tunamkamata nani?"

Wajumbe walisikitika kwa kutokuyawaza hayo mapema. Mmoja alisema nyumbani kwake yupo kijana anayecheza gemu la mtu mwenye upanga, na kwamba hajawahi kuona mahali popote ambapo upanga ule umeandikishwa. Kikao kikaahirishwa ili wajumbe watulie.

Kwenye kikao cha pili kikapitishwa Kibali cha Mhusika. Kila atakayeingia ukumbini, bila kubagua, atakuwa nacho. Maneno "bila kubagua" Mheshimiwa aliyapigia mstari kwa rula. Fomu ilitaka jina la mhusika, silaha na mizigo yake, na iambatane na barua ya utambulisho kutoka kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji anakotoka. Si anakotoka kijana. Anakotoka mhusika.

"Hapa kwetu," alifafanua Mheshimiwa, "bila barua ya mwenyekiti wa mtaa huvutiwi maji, hufungui akaunti, humdhamini ndugu yako polisi. Iweje mtu atoke kusikojulikana, ana mapembe, aingie ukumbini mikono mitupu?"

Kisha akagonga meza na kuongeza kwamba azimio lolote la Kamati lisitaje jina la mtu, tusije tukaonekana tunabeba ndugu zetu. Nikaandika.

Maombi yalikuja thelathini na moja. Vijana wa siku hizi wana akili. Mmoja wa Bombo, aliyetaka kuja kama joka, aliandika kwamba joka hilo linaishi kwa bibi yake, na mwenyekiti wa kijiji akatoa barua: "Joka hili nalifahamu. Ni tulivu na linahudhuria mikutano." Mwingine alitoka kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu na deraya, vazi la vita, aliyoishona kwa magamba ya samaki, perege. Kamati ilimkubalia kwa sharti la kukaa karibu na dirisha.

Ombi lililokwama lilikuwa moja, la Nashipae.

Nashipae ni binti wa wafugaji wa kule tambarare, ana miaka ishirini. Matokeo yake ya kidato cha nne hayakumpeleka kokote. Nafasi ya Irine haikuuliza cheti, iliuliza mikono, na mikono anayo. Alikata madumu ya mafuta ya kula, akayalainisha juu ya jiko la mkaa mpaka yakawa kifua na mabega ya askari. Viatu alivitengeneza kwa soli za kandambili, nywele kwa mkonge. Shingoni palikuwa na kola ya shanga ambayo mama yake aliitunga kwa miezi minne bila kuuliza ni ya nani. Alikuja ofisini ameyavaa yote, ili Kamati ijionee.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba. Huyu ni nani?"

"Orita. Mlinzi wa Lango la Saba."

"Lango la Saba liko kata gani?"

"Halipo duniani, Mheshimiwa. Liko ndani ya gemu."

"Mwenyekiti wake?"

"Hana. Watu wake wote walikufa. Amebaki peke yake."

Mheshimiwa akavua miwani. "Pole sana. Basi jirani aandike."

"Hana jirani."

"Sikiliza, binti. Kama Lango la Saba halipo, mwenye mamlaka wa huko aandike kwamba halipo, agonge mhuri, yaishe. Sisi hatugombani na mahali pasipokuwepo. Tunagombana na mahali pasipo na maandishi."

"Lakini wenzangu wamepewa. Hata joka limepewa."

"Joka lina bibi Bombo."

Wajumbe wakakubali kwamba hoja hiyo ni nzito. Nilimfuata Nashipae hadi kwenye korido na kumnong'oneza kwamba angeweza kuandika Orita ni wa kijijini kwao. Mwenyekiti wa kule ni mjomba wake, asingekataa.

"Najua, dada," akasema. "Ila Orita hana kwao. Nikimpa kwao atakuwa mtu mwingine, na vazi lote litakuwa la uongo."

Nikarudi kwenye kiti changu. Katika kumbukumbu niliandika: "Mwombaji alishauriwa."

Siku ikafika, na upepo wake. Getini pa ukumbi aliwekwa Loishiye, mgambo, mzee wa tambarare ambaye amri akishasomewa mara moja haisahau. Mheshimiwa alimchagua mwenyewe. "Nataka mtu asiyejua neno 'lakini'," alisema.

Nashipae alikuwa hapo tangu saa mbili asubuhi.

"Binti yangu," Loishiye alimwambia, "wewe nakufahamu. Baba yako namfahamu. Ng'ombe wenu nawafahamu mmoja mmoja. Huyu uliyemvaa simfahamu."

Nashipae akakaa juu ya jiwe nje ya geti, kofia ya chuma ya Orita mapajani. Kofia hiyo nayo ilikuwa dumu. Daftari la washindani lingefungwa saa sita kamili. Irine alitoka mara mbili kumwombea, hadi Loishiye alipomwonya kwamba akizidi kutoka na kuingia, hata yeye ataombwa kibali.

Saa tano na nusu akawasili mgeni rasmi, ambaye ni Mheshimiwa Rodrick. Alikuwa amechelewa kwa saa tatu na nusu, kwa mujibu wa itifaki. Alivaa kaunda suti ya kijivu na ua la kitambaa kifuani. Nyuma yake walitembea wajumbe wawili, mmoja amebeba kiti chake na mwingine maji yake. Mimi nilibeba faili na mhuri.

"Habari za kazi, Loishiye. Fungua."

"Nzuri, Mheshimiwa. Kibali."

Mheshimiwa akacheka. Wajumbe wakacheka. Loishiye akasubiri wamalize.

"Kibali, Mheshimiwa."

"Mimi ndiye ninayetoa vibali!"

"Hilo nalijua. Ulichojipa wewe kiko wapi?"

"Mzee, mimi sikuja kuigiza. Mimi ni mgeni rasmi. Ninafahamika!"

"Hata joka la Bombo linafahamika. Lilileta barua." Loishiye akamwonyesha karatasi. "Hapa pamesemwa kila atakayeingia, bila kubagua. Pamepigiwa mstari."

Mheshimiwa akaagiza aitwe Mama Clemence, mwenyekiti wa mtaa wake, ambaye siku hiyo alikuwa akiuza makande mle uani. Mama Clemence akaja hadi getini, akabaki upande wa ndani, anajifuta mikono kwa khanga.

"Mama, mwandikie huyu mzee barua kwamba unanifahamu."

"Rodrick, baba, nakufahamu tangu unavaa kaptula. Ila barua naandika Jumatatu na Alhamisi."

"Mama Clemence!"

"Mwezi jana nilikuja ofisini kwako Jumanne nikaambiwa njoo kesho. Kesho yake nikaambiwa wewe unapokea watu Ijumaa. Ijumaa ulikuwa semina. Nikajifunza kwamba kumbe kazi inataka siku maalumu. Njoo Jumatatu, na picha mbili."

Akarudi kwenye sufuria yake. Vijana walishajaa kwenye uzio, simu juu. Joka la Bombo lilikuwa limevua kichwa ili lione vizuri. Saa ilikuwa imebakiza dakika kumi na tano kufika sita.

Mheshimiwa akanivuta pembeni. "Katibu. Azimio la dharura. Wajumbe wawili wapo, akidi imetimia. Andika: sharti la barua limeondolewa kwa Mheshimiwa Rodrick."

Kwa miaka miwili ya utumishi nilikuwa sijawahi kusema neno kikaoni. Huwa naandika.

"Samahani, Mheshimiwa. Kikao cha pili. Azimio lisitaje jina la mtu."

"Nani alisema upuuzi huo?"

"Ni wewe, Mheshimiwa. Uligonga meza."

Akatazama wajumbe. Yule wa kiti akathibitisha kwamba meza iligongwa.

"Sasa tuandikeje?"

"Labda," nikasema, nikiangalia viatu vyangu, "'kwa wahusika wote walio nje ya geti kwa sasa.'"

Mheshimiwa akatazama nje ya geti. Palikuwa na yeye, wajumbe wawili, mimi, mbuzi wawili wasio na mchungaji, na Nashipae juu ya jiwe. Akamtazama Nashipae. Akazitazama simu.

"Andika. Andika haraka!"

Sijawahi kuandika haraka namna ile. Mhuri niliugonga juu ya goti langu.

Loishiye akalisoma azimio kuanzia juu hadi chini. Akaligeuza, akasoma na nyuma, ambako hapakuwa na kitu. Kisha akafungua geti nusu na kuanza kuandikisha. Nashipae, ambaye alitangulia kufika, akapata namba thelathini na moja. Mheshimiwa akapata thelathini na mbili. Mimi na wajumbe tuliandikwa kwenye fomu yake, safu ya silaha na mizigo. Mbuzi hawakutaka kuingia.

"Hii ni nini?" Mheshimiwa aliuliza, Loishiye akimbandikia namba kwa pini kifuani, chini ya ua.

"Ni namba ya kuitwa jukwaani."

"Safi. Itifaki imezingatiwa."

Irine alifunga daftari dakika mbili baadaye.

Mashindano yalikuwa mepesi. Mshindani anapanda, anageuka waamuzi wamwone mgongo, kisha Irine anamuuliza swali moja: mhusika wako anafanya nini? Joka la Bombo likasema linalinda dhahabu ambayo halijawahi kuitumia. Yule wa magamba akasema huzamia ziwani kutafuta kengele iliyoibwa.

"Namba thelathini na moja."

Nashipae akapanda. Upepo uliingia madirishani ukapeperusha ule mkonge.

"Mhusika wako anafanya nini?"

"Analinda lango ambalo siku hizi hakuna anayepita," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, na watu wakainama mbele ili wamsikie. "Kila asubuhi anafagia mbele yake, halafu analifungua. Anasema, siku atakapokuja hata mtu mmoja, asikute limefungwa."

Mama Clemence, aliyekuwa akipakua makande mlangoni, aliacha upawa ndani ya sufuria.

"Namba thelathini na mbili."

Mheshimiwa alipanda taratibu, akiwapungia mkono kushoto na kulia. Ukumbi ulilipuka kwa shangwe. Alipoombwa ageuke, aligeuka, akidhani wapiga picha wako nyuma.

"Mhusika wako anafanya nini?" Irine akauliza, kalamu mkononi, usoni hana hata chembe ya kicheko.

Mheshimiwa alilichukua swali hilo kama mwaliko wa hotuba. Alizungumza dakika thelathini na tano. Aliwatambua waliopo na wasiokuwepo kwa vyeo vyao. Alisisitiza uratibu, akahimiza uhuishaji wa uratibu, akakemea wanaobeza uratibu.

"Tunashukuru," Irine akasema. "Ila anafanya nini?"

"Anaratibu."

"Anaratibu nini?"

"Wanaofanya."

"Na wao wakishindwa?"

"Anaunda Kamati!"

Vijana walisimama juu ya viti. "Huyu mzee hatoki kwenye uhusika!" mmoja akapiga kelele. "Ameua!" Mheshimiwa akainama kuwashukuru. Alinieleza baadaye kwamba hajawahi kukutana na vijana wasikivu kama wale.

Nashipae akashinda. Jumatatu aliondoka kwenda Arusha na begi moja. Orita alisafiri kwenye boksi la sabuni, limefungwa kwa kamba ya mkonge, juu ya mapaja yake.

Mheshimiwa alikuwa wa tatu. Alipokea cheti chake kwa mikono miwili na kukitafsiri kuwa shukrani kwa mgeni rasmi. Pamoja na cheti ilikuja karatasi ya alama, akaniagiza nimsomee.

"Vazi, kumi juu ya kumi," nikasoma. "Sauti, kumi juu ya kumi. Kubaki ndani ya uhusika, kumi juu ya kumi. Kazi ya mhusika, haikubainika."

Akafikiri kidogo.

"Ni kweli," akasema. "Kazi zangu nyingi ni za siri."

Akaamuru karatasi ile iwekwe kwenye fremu ya kioo. Sasa imetundikwa ofisini, ukutani juu ya kiti chake, ikitazamana na benchi la wananchi wanaosubiri huduma. Wote huisoma mpaka mwisho. Muda wanao.