Ekari Zilizoliwa na Mteremko

Mwaka wa 1994, Bethwel Kimeli aliingia kijiji cha Boito akiwa na suti moja, futi kamba ya fundi cherehani na dhamiri isiyomkosesha usingizi. Akavitazama vilima vya chai vilivyosimama kama kuta, akaiona riziki.

"Wazee wangu, mmeibiwa!" akawatangazia wakulima waliosubiri kupimiwa majani kituoni. Akakifunika kikapu kwa leso. "Ukiangalia kutoka juu, hii leso ni kubwa aje?"

"Kama kikapu," akajibu mzee Noah.

"Sasa ikunjue. Si ni mara tatu? Ramani yenu ilipigwa picha na ndege kutoka juu! Narok ni tambarare, wako sawa. Yenu imeliwa na mteremko."

Ada ya kuzirejesha ekari zilizoliwa ilikuwa ng'ombe mtamba mmoja kwa kila boma. Jiometri haijawahi kupata wanafunzi watiifu hivyo: kufikia adhuhuri mitamba watatu walikuwa wamefungwa kituoni, wa Noah akiwa wa kwanza.

"Kilima huandikishwa kizima," Bethwel akaonya. "Mmoja akikataa, wote mmekosa."

Macho yote yakamgeukia Kogo Chepkosgei, yaani Bibi Chepkosgei, ajuza mjane mwenye mtamba mmoja tu, tumaini lake lote la maziwa.

"Kogo, usituangushe!" wakamsihi.

"Sikatai. Nitamlipa kijana kwa shamba."

Akawaongoza hadi kwenye genge lake, refu, pana na wima kama ukuta wa kanisa. "Kwa ramani hii ni ya kujenga choo tu. Lakini pima kama leso."

Wakapima kwa kamba kutoka juu hadi chini, na upande hadi upande. Ekari mbili!

"Lakini hiyo ni hewa!" Bethwel akaropoka.

"Hewa?" Noah akauliza, akiutazama mteremko wake mwenyewe.

Bethwel akageuza maneno upesi. "Nasema... ina hewa safi."

"Basi ekari moja hapa kwetu huuzwa mitamba wawili," Noah akapiga hesabu kwa haki ya kutisha. "Amekulipa thamani ya mitamba wanne, ulitaka mmoja. Mrudishie watatu!"

Mitamba wote watatu wakakabidhiwa Chepkosgei. Naye akamrudishia kila mwenyewe wake. "Kesho mje mnichumie chai."

Kisha wakulima walioshuhudia wakadai mnunuzi akanyage ardhi yake, kama ilivyo desturi. Bethwel akateremka hatua mbili, akateleza, akaning'inia kwenye mti ulioota gengeni.

"Kijana!" Chepkosgei akamwita kwa upole. "Shamba ni yako. Lakini huo mti sijauza."