Kigoda cha Wamaitha na Koti la Waithaka

Bwana Peterson alipofungua nyumba ya makumbusho Nakuru, mwaka wa 1951, sisi wa mjini tulicheka. Mzungu mzima anajaza pamba ndani ya flamingo aliyekufa, anafungia mawe kwenye kabati la kioo, tena ananunua vikorokoro vya mababu.

Waithaka hakucheka. Alisimama mlangoni akinyoosha kola ya koti lake. Lilikuwa la sufu nyeusi, vifungo vinne vya shaba na kimoja cha mfupa, na ndilo lililomlisha. Akilivaa, watu walimwita karani. Akilivua, alikuwa Waithaka tu, na Waithaka tu hakuna aliyemkopesha hata sigara.

Akapanda treni hadi Molo, kwa mjane aitwaye Wamaitha. Alisikia ana kigoda cha miguu mitatu, cheusi kwa moshi wa miaka.

"Mama, nimetumwa na serikali. Kigoda kitaandikwa Nakuru, kesho kutwa kinarudi."

Wamaitha aliendelea kumenya viazi. "Ni cha babu ya marehemu mume wangu. Lakini wewe ni mtoto wetu, mila unazijua."

"Nazijua zote."

"Basi unajua anayetoa kigoda cha mzee nyumbani huacha nguo yake ya juu, mahali pake pasibaki uchi."

Mila hiyo ilikuwa na umri wa dakika moja. Lakini Waithaka alizaliwa mjini, nyuma ya stesheni, na mtu mwenye koti kama lile atasemaje hajui? Akakohoa kizee, akafungua vifungo.

"Nilikuwa nashangaa mbona hujalitaja hilo, mama."

Baridi ya Molo mnaijua. Alifika Nakuru na shati tu, kigoda kifuani, meno yakigongana. Homa ikamlaza wiki nzima. Alipoinuka, akakipeleka kigoda makumbusho.

Bwana Peterson alikigeuza mara moja tu. "Hii ya Wamaitha wa Molo. Yeye nachonga mwenyewe, natia moshi jikoni wiki mbili. Mimi nakataa nne tayari. Lakini juzi yeye naleta kitu ya kweli. Tazama."

Kwenye kabati la kioo, kando ya flamingo, lilining'inia koti la sufu nyeusi. Vifungo vinne vya shaba, kimoja cha mfupa. Chini yake kibandiko: KOTI LA KARANI WA KWANZA WA RELI. ALIFARIKI 1903.

"Bwana, hilo koti ni langu."

Bwana Peterson alisoma kibandiko, akaliangalia shati la Waithaka, akakisoma tena.

"Wewe nakufa 1903?"

Kigoda anacho hadi leo. Hukikalia akitusimulia kisa hiki mwenyewe, na akifika hapo hujikuna kidevu.

"Kusema kweli," husema, "nilikaribia kukubali."