Maji ya Nyumba Tuliyohama

Leo uso wangu nimeuacha Musonoi, na sina mpango wa kurudi kuuchukua.

Nianze mwanzo. Miezi mitatu iliyopita tulihama Musonoi tukaja huku karibu na mjini. Nyumba nzuri, vyumba vitatu, bomba uani. Bomba lenyewe kavu, linangoja watu wa maji waje kulifungua. Wiki iliyopita zamu yetu ikafika, nikaenda ofisini kwao nikitabasamu, nikaambiwa jina langu lina deni. Deni la nyumba ya Musonoi! La miezi hii hii mitatu ambayo sisi hatuko kule! Na si deni la mtu anayeoga na kufua. Lile lilikuwa deni la kiwanda cha bia. Wakasema mpaka nilipe, huku hawafungui.

Tangu tuhamie huku watoto wanachota kwa jirani, na jirani siku hizi anaitikia salamu kwa kichwa tu. Hilo ningelivumilia. Lakini Jumamosi mama mkwe anafika kutoka Kamina. Alipokuja mara ya mwisho tulikuwa hatuna maji, akaniuliza mbele ya wageni kama kwangu watu huwa wanaoga au wanajifuta tu. Niliapa siku ile kwamba hatalisema tena hilo neno.

Kwa hiyo wiki nzima sikai. Nikipika natembea, nikila natembea. Mume wangu, mtu mpole wa zamu za mgodini, aliniomba nikaongee nao polepole. Nikamwambia polepole akaongee yeye.

Leo asubuhi nimevaa libaya yangu, ile blauzi ya kitenge cha sherehe, na wigi jipya (la mkopo, hiyo ni habari nyingine). Mkononi nimeshika faili: barua ya malalamiko kurasa mbili, na risiti ya lori lililotuhamisha, yenye tarehe na muhuri. Foleni ilikuwa ndefu. Nilizunguka sana pale ndani mpaka mlinzi akaniuliza kwa adabu kama natafuta choo.

Zamu yangu ikafika. Nikamkuta Tata Ilunga, yaani Baba Ilunga, karani wa madeni, mzee wa miwani, sauti ya chini, mtu ambaye hata kope anapepesa kwa mpangilio. Nilianza kusema kabla sijakaa. Nikamwonyesha risiti ya lori. Nikamwambia wasoma mita wao wanaandika namba wakiwa wamekaa baa mbele ya chupa baridi. Halafu nikageuka kidogo ili foleni isikie vizuri.

"Tata, nyumba ya wazi, haina mutu, haiogaka. Haifulaka. Haipikaka bukari. Sasa ile mayi yote ilikunywa nani?"

Foleni ikacheka, tena ikacheka upande wangu. Jamani, kuchekewa upande wako ni kitu kitamu! Kama ningeishia hapo, leo ningekuwa na uso.

Sikuishia hapo. Nikasimama nikadai ofisi ishuke mpaka kwenye nyumba yenyewe, leo hii, na karatasi na kalamu, na pikipiki nalipa mimi.

Tata Ilunga akaniangalia juu ya miwani. "Mama, uko hakika unapenda tuende kule?"

"Niko hakika. Na mwenye kupenda afwate, aone."

(Hakuna aliyenilazimisha. Naomba hilo lieleweke.)

Na kweli akafuata mtu. Tata mmoja mwenye faili ya kijani, naye ana deni la maji, akasema anataka kujifunza jinsi ya kuwashinda hawa watu. Nikamwambia aje, shule ni bure. Tukaondoka na pikipiki tatu, tunakula vumbi la malori ya madini njia nzima, na mimi huku nyuma ya dereva natunga kichwani barua ya msamaha ambayo ofisi ingeniandikia. Nilikuwa nimefika kwenye neno "tunasikitika" tulipoingia Musonoi.

Kitu cha kwanza nilichokiona ni rangi ya kijani. Kiangazi hiki, Musonoi nzima nyekundu kwa vumbi, lakini ua wa nyumba yetu ya zamani una lengalenga, mchicha wa huku kwetu, inayofika magotini. Kitu cha pili, bidoni za njano, madumu ya maji, zimepangwa kutoka bombani mpaka barabarani, kila moja na mwenyewe nyuma yake. Kitu cha tatu, mwanaume mmoja anaosha pikipiki za watu, na ukutani ameandika bei kwa chaki.

Furaha iliyonishika sijawahi kuipata hata siku ya harusi yangu.

"Unaona, tata?" nikamwambia Tata Ilunga. "Bezi ya mayi njo hawa. Andika."

Akaandika.

Hapo Mama Feli, aliyekuwa jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, akaniona. Akaweka ndoo chini. Akapiga vigelegele, akaja mbio akanikumbatia mpaka wigi likasogea.

"Mama Plamedi! Mungu akubarikiye na ile mayi ulituachiaka. Kila siku ya Mungu tunakutaja mu maombi."

Wanawake wa bidoni wakapiga makofi. Mimi nikawa natabasamu bila kujua natabasamia nini. Tata Ilunga, kwa ile sauti yake ya chini, akamwuliza Mama Feli kama ni kweli maji aliyaacha huyu mama.

"Njo yeye mwenyewe," akasema Mama Feli, kwa fahari. "Siku ya kuhama alitosha robineti, akatuachia mayi wazi. Ya bure."

Nikakumbuka yote.

Robineti ile, koki ya bomba, nilinunua kwa pesa yangu, nzito, inang'aa, imetoka Lubumbashi. Mwenye nyumba, anayekaa Likasi, alikataa kunirudishia pesa niliyoinunulia. Nami siku ya kuhama nikasema simwachii hata msumari. Bomba lilikuwa halijatoa tone kwa wiki nyingi. Nikaazima koleo, nikaing'oa robineti nikaichukua, nikaziba bomba kwa kigunzi cha mahindi nilichokizungushia mfuko wa plastiki, nikapanda lori. Miezi mitatu nimelala vizuri. Kile kigunzi hakijapita akilini mwangu hata siku moja.

Mama Feli akamaliza kuwaeleza wageni. Maji yalirudi siku ya pili baada ya sisi kuondoka. Kigunzi kikatoka kwa kasi kikampiga kuku wake (alipona). Hawakunipigia simu kwa sababu walijadiliana wakaona wasinisumbue.

Nilimwangalia Tata Ilunga nikimwomba moyoni acheke, lipite. Hakucheka.

"Mama, mita iko inazunguka, iko naandika mu jina yako, hata sasa vile tunasema."

Jamani, nilikimbia! Na libaya yangu ya sherehe nikapiga magoti kwenye matope, nikaziba bomba kwa kiganja. Maji yakapita kati ya vidole yakanijaa usoni. Nikaongeza kiganja cha pili. Tata Ilunga akavuka barabara kwenda kutafuta kizibo cha chuma kwenye kibanda cha vifaa, na mwenye kibanda alikuwa amekwenda kula. Kwa hiyo nikabaki pale, nimepiga magoti, nimeshika bomba kama ninalifufua, na nyuma yangu foleni ya bidoni haijaondoka hata mtu mmoja. Walikuwa wananingoja mimi.

Bibi mmoja akainama karibu na sikio langu. Akaniomba niachie kidogo, ajaze moja tu. Nikaachia. (Ni mzee. Ningefanyaje?) Aliyemfuata ana mtoto mgongoni. Nikaachia. Aliyefuata akasema yeye ni mgonjwa, ingawa alikuwa amebeba bidoni mbili. Kizibo kilipofika nilikuwa nimeshajaza bidoni kumi na moja kwa mikono yangu mwenyewe, kwa jina langu mwenyewe, na kila mmoja ameniacha na baraka.

Yule tata wa faili ya kijani aliangalia yote hayo kutoka kwenye pikipiki. Mwisho akashuka, akafunga faili yake vizuri, akaja mpaka nilipo.

"Aksanti, mama. Mi naenda kulipa yangu."

Akaenda kweli.

Nami nikasaini kukubali deni, lote, bila kupunguziwa hata kidogo, kulipa mwezi kwa mwezi. Nilisaini juu ya kiti cha pikipiki, maji yakanidondoka kutoka kwenye wigi yakalowesha karatasi, Tata Ilunga akatoa nyingine nikasaini tena. Deni moja, nimelikiri mara mbili. Aliniambia kwa upole kwamba saini hiyo inatosha, kesho wanakuja kutufungulia.

Basi. Maji yatakuwepo, na Jumamosi mama mkwe ataoga. Nawaomba msinicheke, na akiwauliza kwa nini mke wa mwanawe anasimama mlangoni mwa bafu akihesabu ndoo, semeni hamjui.