Fahali wa Mizimu ya Wodi ya Wanaume

Enzi za ruksa kila mtu alikuwa mfanyabiashara, hata asiye na bidhaa. Semboja aliuza uongo. Alikuwa mwongoza wageni katika makumbusho ya historia pale Korogwe, jumba lililokuwa hospitali ya wamisionari ya kutibu maskini bure, na kwa kuwa historia yenyewe hakuijua, aliitunga. Beseni la kunawia daktari aliliita kofia ya chifu. Wageni walitikisa vichwa na kuandika. Wajinga hawajawahi kuadimika katika wilaya hii.

Asubuhi moja akamwona Awadhi, mwenye bucha, akipita bila kutazama hata chungu kimoja. Macho yake yalikuwa sakafuni na kisigino chake kiligonga saruji. Semboja akajua papo hapo: huyu anatafuta mali ya Mjerumani. Nusu ya mji iliamini kwamba Wajerumani walipokimbia vita walifukia sarafu zao za rupia chini ya kila jengo.

Semboja naye alikuwa na haja yake. Mzee Matayo wa Kwashemshi alikwisha kusema kwamba binti yake Rosina haendi kokote bila ng'ombe wa mahari, na fundi cherehani mmoja alikuwa ameleta posa. Semboja alimpenda Rosina kwelikweli, na hilo ndilo jambo pekee maishani mwake ambalo halikuwa na uongo.

"Shikamoo mzee Awadhi," alinong'ona. "Unapapasa mahali sipo. Mali ipo wodi ya wanaume. Ila waliofia humo wanailinda, na hawaondoki bila fahali mweusi."

"Marahaba." Awadhi, mtu anayepima nyama pamoja na kidole chake, alikuna kidevu kidogo tu. "Ninaye. Mchukue hata leo."

Mwenye akili angeshtuka hapo. Semboja aliusifu ulimi wake.

"Lakini mizimu haipokei cha kuazima," Awadhi aliendelea kwa upole. "Utamke mbele ya watu kwamba ni wako. Mimi simo."

"Hilo tu?"

Akatamka barazani, mbele ya mama Mwaija mfagiaji na wauza machungwa wote, kwamba fahali ni mali yake na amemfuga mwenyewe tangu ndama. Hilo la kumfuga hakuna aliyemwomba.

Jumapili akamswaga hadi Kwashemshi. Mzee Matayo alimzunguka yule mnyama, akaridhika. Rosina akatoka na birika la chai, akitabasamu. Chai haijamiminwa, wakaingia wanaume wawili wenye lubega na fimbo: Lekakeny, mfugaji wa Handeni, na mdogo wake Keriako. Lekakeny hakungoja kiti. Alishika sikio la fahali, akalikunjua.

"Mkato huu ni wa ukoo wetu. Niliukata mwenyewe. Huyu ng'ombe ni wa nani?"

Semboja, bingwa wa historia, hakujua kwamba sikio la ng'ombe lina mwenyewe. Awadhi alijua, maana wachinjaji wote wanajua. Fahali wa wizi alikuwa akimuunguza mikono, na siku ile pale makumbusho alikuwa akikagua chumba cha kumfichia. Rupia hakuziwaza kabisa.

Semboja akisema wake, ni mwizi. Akisema si wake, hana mahari.

"Si wangu," alisema hatimaye. "Ni wa Awadhi."

"Barazani ulisema umemfuga tangu ndama," alijibu Lekakeny. "Mama mwenye ufagio ametueleza, ndiyo tukakufuata huku. Twende kwa wazee wetu, utakuta faini yako."

Faini ya wafugaji ni ng'ombe, na Semboja hakuwa na hata kuku. Keriako alikwisha kumgeuza fahali. Lekakeny alimwonyesha Semboja njia kwa fimbo. Mzee Matayo alitema mate chini, akakaa.

"Rosina," Semboja aliita kutoka uani. "Nakupenda. Wallahi huo ni ukweli."

"Na fahali ulituambia ni wako," alisema Rosina, akaingia ndani na birika lake, akafunga mlango.